Aliyepiga Simu Ndiye Aliyelala Mahabusu

Usiku ule ni dada yangu aliyepiga simu polisi. Ninaanza na jambo hilo kwa sababu katika jalada la kesi halimo popote. Jalada linaeleza kwamba askari wawili walifika nyumbani saa nne na nusu usiku, wakamkuta mwanamume akivuja damu mkononi na mwanamke akipiga kelele. Kwamba mwanamume alieleza kwa utulivu kuwa mke wake ana hasira za karibu na kwamba amemng'ata. Kwamba mwanamke alipohojiwa hakutoa maelezo yanayoeleweka, na mwilini mwake hakukuonekana jeraha. Mlalamikaji, mume. Mtuhumiwa, mke. Kosa, shambulio la kudhuru mwili. Akapakiwa kwenye gari, na mtoto wake wa miezi minane akabaki mikononi mwa mtu aliyekuwa amemkaba koo mama yake nusu saa kabla.

Nimelisoma jalada hilo mara nyingi mno. Kinachoniumiza ni kwamba karibu kila sentensi iliyomo ni ya kweli. Damu ilikuwepo, kelele zilikuwepo, na dada yangu alimng'ata kweli. Hakuna askari aliyetunga uongo. Walichokosa ni udadisi wa dakika mbili. Picha ya jeraha iliyopigwa kituoni inaonyesha alama za meno upande wa ndani wa kigasha, vidole vinne chini ya kiwiko. Mtu anayemvamia mwenzake kwa meno hafiki mahali hapo kwa urahisi. Mkono haukai hivyo. Lakini mkono ukishazungushwa shingoni mwa mtu kutoka nyuma, sehemu hiyo ya kigasha ndiyo inayokuwa mbele ya mdomo wake, na pumzi zikianza kukata, meno ndiyo silaha pekee anayobaki nayo.

Nilipofika kituoni asubuhi, alizungumza kama mtu aliyekaukiwa sauti kwa mafua makali. Nilimpa maji, akameza funda moja, akakunja uso na kunirudishia chupa. Katika weupe wa macho yake kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo sana, kama vilivyotobolewa kwa ncha ya sindano, nami nikadhani amelia usiku kucha. Sikujua wakati huo kwamba sauti kukauka, kumeza kwa maumivu na vidoa vya damu machoni ni dalili za mtu aliyekabwa koo, na inaelekea hakuna mtu mwingine aliyejua katika chumba kile. Mwaka 2001 ulichapishwa uchunguzi wa kesi 300 za kukabwa koo zilizofika polisi katika mji wa San Diego, Marekani, na katika nusu ya kesi hizo hapakuwa na alama yoyote ya kuonekana kwa macho. Michubuko, ikitokea, huweza kuchukua saa nyingi au hata siku mbili kujitokeza. Ndiyo maana mtu aliyekuwa karibu kufa anaweza kusimama mbele ya askari akiwa anaonekana mzima, wakati aliyemkaba ndiye mwenye jeraha la kupigwa picha. Dada yangu alikaa mahabusu siku mbili, na hakuna daktari aliyemwona.

Tangu mwaka ule nimekuwa nikiwasindikiza wanawake wengine kituoni na mahakamani. Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni kukaa nao kwenye benchi, kuwakumbusha tarehe, na kuandika yale wanayoyakumbuka kabla hayajachanganyika. Nimewaona pia wanaume wachache waliopigwa na wenzi wao na kuchekwa walipokwenda kulalamika, na sitaki mtu adhani kwamba wao hawamo katika ninayoyasema. Ila wengi wa wale niliowasindikiza wakiwa wameandikwa watuhumiwa wakati walistahili kuandikwa walalamikaji ni wanawake, na hadithi zao zinafanana kwa namna inayonitia hofu, kana kwamba waume zao walifundishwa na mwalimu mmoja.

Sheria ya jinai imezoea kushughulika na tukio. Inauliza nani alimfanya nini nani, saa ngapi, wapi, kwa kutumia nini. Kwa wizi au ajali ya barabarani maswali hayo yanatosha. Ukatili wa nyumbani haukai ndani ya tukio moja. Ni mwenendo wa miaka, na kipigo ni sehemu yake mojawapo tu. Kuna simu inayokaguliwa kila jioni, fedha zinazotolewa kwa kuhesabiwa, ndugu wanaofukuzwa mmoja baada ya mwingine, mlango unaofungwa kwa nje. Siri ya mtungi aijuaye kata. Askari anayeingia kwa dakika ishirini haoni miaka saba; anaona jinsi usiku mmoja ulivyoishia, na mara nyingi ulivyoishia ni kwamba aliyekuwa akipigwa muda wote huo safari hii amerudisha. Amerusha sufuria, amekwaruza, amesukuma, amenyakua kisu ili apate nafasi ya kupita. Ukikata kipande hicho peke yake na kukiweka mezani, una kosa kamili lenye ushahidi, na mara nyingi lina ungamo pia, kwa sababu mtu asiyezoea polisi husema ukweli anapoulizwa: ndiyo, nilimng'ata.

Halafu kuna suala la sura. Mtu aliyetoka kupigwa hasimulii kwa mpangilio. Anaanza katikati, anarudi nyuma, anakumbuka rangi ya taulo na kusahau siku, analia, anafoka, wakati mwingine anacheka kwa namna isiyofaa. Anawafokea hata askari waliokuja kumsaidia, kwa kuwa hofu iliyozuiwa muda mrefu hutokea popote inapopata upenyo. Mwenzake, aliyemaliza alichotaka kufanya, ametulia, amevaa shati, anawakaribisha askari kwa heshima na kuomba radhi kwa usumbufu. Mwaka 1997 mwanasaikolojia wa Marekani, Jennifer Freyd, aliupa mwenendo huu maelezo ambayo sijaona yaliyo bora zaidi: mtenda ukatili akiulizwa, hukana, kisha humshambulia anayemtuhumu, kisha hugeuza nafasi, yeye akawa mwathirika na mwathirika akawa mkosaji. Shemeji yangu hakuwa amesoma saikolojia, lakini alizipitia hatua zote tatu mlangoni kabla askari hawajavua kofia.

Hali huwa mbaya zaidi pale mwanamke asipoijua vizuri lugha ya polisi. Niliwahi kumsindikiza mwanamke mmoja mhamiaji ambaye maelezo yake ya kwanza, yale yenye sahihi yake chini, yalitafsiriwa na mumewe. Askari walihitaji mkalimani, na mume alikuwepo, tena anajua lugha zote mbili. Nilipomsomea maelezo hayo kwa lugha anayoielewa, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama ni ya mtu mwingine.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni polisi kukamata zaidi na kukamata haraka. Ninaielewa hoja hiyo, na historia yake ni ya kuheshimiwa. Kwa miongo mingi polisi katika nchi nyingi waliona kipigo cha nyumbani kuwa mambo ya ndani ya ndoa. Walifika, wakamwambia mume azunguke mtaa mara moja apoe, wakaondoka. Katika mji wa Torrington, jimbo la Connecticut nchini Marekani, Tracey Thurman alilalamika polisi mara kwa mara kuhusu mume waliyetengana naye, hadi Juni 1983 mume huyo akamchoma kisu mara nyingi, na askari alipofika, akampiga teke la kichwa mbele ya askari huyo. Thurman aliponea chupuchupu, akaushtaki mji wake, akashinda. Mwaka 1986 jimbo hilo likapitisha sheria inayowalazimu polisi kukamata pale penye dalili za kutosha za kosa la ukatili wa familia, kama Oregon ilivyokwisha kufanya mwaka 1977.

Sheria hiyo ilizaliwa kwa ajili ya kumlinda mtu kama Thurman. Lakini ukimlazimisha askari kukamata bila kumlazimisha kufikiri, atafanya lililo rahisi: akikuta watu wawili wenye mikwaruzo, atawachukua wote wawili na kumwachia hakimu kazi ya kutenganisha. Connecticut ikajulikana kwa wingi wa kesi ambazo mpigaji na mpigwa walikamatwa pamoja. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini hadi mwaka 2018 jimbo likabadilisha sheria na kuwataka polisi wamtambue kwanza mshambuliaji mkuu, yaani yule aliye tishio kubwa zaidi katika uhusiano, kabla ya kuamua nani akamatwe. Jimbo la Washington lilijifunza mapema zaidi: lilipitisha sheria ya lazima ya kukamata mwaka 1984 na kuirekebisha mwaka uliofuata, baada ya kuona waathirika wanabebwa pamoja na wapigaji wao. Ninaitaja miaka hii kwa sababu kila ninapolieleza jambo hili kwa ofisa fulani, hunijibu kana kwamba ni tatizo jipya lililoanza kwa dada yangu.

Gharama yake haiishii kwenye fedheha ya kulala mahabusu. Katika jimbo la Queensland, Australia, kuna bodi ya kisheria inayochunguza vifo vinavyotokana na ukatili wa nyumbani. Ripoti yake ya mwaka 2016–17 ilionyesha kwamba kati ya wanawake waliokufa ambao vifo vyao ilivichunguza, asilimia 44.4 waliwahi angalau mara moja kuandikwa na mfumo wa sheria kuwa wao ndio wanaopaswa kuzuiwa kwa amri ya ulinzi. Kwa watu wa asili wa nchi hiyo, karibu wote waliokufa walikuwa wamewahi kuandikwa kwa pande zote mbili, kama waathirika na kama wakosaji. Nilipokisoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje. Karibu nusu yao walikuwa wameshafika mbele ya dola, wakaonekana, wakaandikwa majina, na wakaandikwa upande usio wao.

Kwa dada yangu, mtego ulijifunga siku ya tatu. Wakili aliyepangiwa alizungumza naye kwa dakika kumi kwenye ukumbi wa mahakama, akiwa amekumbatia mafaili ya watu wengine. Alimweleza kwamba akikana kosa, shauri litapangiwa tarehe, dhamana inaweza kuchelewa, na huenda akarudi mahabusu. Akikiri, kwa kuwa ni kosa lake la kwanza, ataachiwa leo hii kwa sharti la kutotenda kosa lingine ndani ya mwaka mmoja. Maziwa yalikuwa yamejaa hadi yamelowesha gauni lake. Aliniuliza nini, unafikiri? Hakuniuliza kuhusu sheria. Aliniuliza kama mtoto amekubali chupa. Nikamwambia amekataa. Alipopanda kizimbani na kusomewa shtaka, alijibu kwa ile sauti yake iliyokauka kwamba ni kweli, na hakimu akamwomba arudie kwa sauti ya juu zaidi ili iingie kwenye kumbukumbu.

Simlaumu wakili huyo kwa kusema uongo, maana alichosema kilikuwa sahihi. Ninachokilaumu ni mpango unaomweka mama anayenyonyesha mbele ya chaguo kama hilo na kuliita hiari. Kwa mwaka mzima uliofuata, lile sharti la mahakama lilikuwa mali ya mume wake. Hakuhitaji tena kumpiga mara kwa mara. Alikuwa akiiweka simu juu ya meza na kumwambia: nikibonyeza namba tatu tu, unarudi ndani na mtoto humwoni. Katika nchi chache sheria imeanza kuwa na jina la jambo hilo. Uingereza, kwa mfano, tangu mwishoni mwa 2015 udhibiti wa kimabavu dhidi ya mwenzi ni kosa la jinai hata pasipo kipigo. Lakini udhibiti unaofanywa kwa kutumia hukumu ya mahakama yenyewe ni mgumu zaidi kuuonyesha, kwa sababu chombo cha ukatili kina mhuri.

Na alipopata nguvu ya kuondoka na shauri la malezi ya mtoto likafunguliwa, kielelezo cha kwanza cha upande wa mume kilikuwa nakala ya kukiri kwake. Alijitetea kwamba alikiri ili arudi kunyonyesha. Akaulizwa kama alilazimishwa. Akasema hapana. Mtoto sasa hukaa naye wiki moja, na wiki inayofuata hukaa kwa baba yake.

Wapo ambao mkondo huu uliwafikisha mbali zaidi, hadi kwenye mauaji, na ni kesi zao zilizowalazimisha majaji kuyatazama mambo upya. Kiranjit Ahluwalia alipigwa na kuunguzwa na mumewe nchini Uingereza kwa miaka kumi, hadi mwaka 1989 alipommwagia petroli usingizini na kumchoma moto. Sheria ya wakati huo ilimkubalia mtu utetezi wa kukasirishwa ikiwa tu alipoteza uwezo wa kujizuia kwa ghafla, papo hapo. Kipimo hicho kinamfaa mwanamume mwenye nguvu anayerusha ngumi baada ya tusi. Hakimfai mtu anayejua kwamba akimkabili mumewe akiwa macho, ni yeye atakayekufa. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo, ikakubaliwa kwamba aliua bila kukusudia kwa sababu ya hali yake ya akili, na akaachiwa kwa kuwa muda aliokwisha kukaa gerezani ulitosha. Lile sharti la ghafla liliondolewa na sheria ya mwaka 2009. Nchini Kanada, Mahakama ya Juu ilikwisha kusema mwaka 1990, katika kesi ya Lavallee, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Bertha Wilson, kwamba mwanamke aliyeishi na kipigo anaweza kuwa na sababu ya busara ya kujihami kabla mkono haujainuliwa, na kwamba baraza la wazee wa mahakama linahitaji maelezo ya mtaalamu ili lielewe kwa nini hakuondoka tu. Mashauri haya yalikuwa ya maisha na kifo, kwa hiyo yalipata mawakili wazuri na muda wa kutosha. Kesi ya kung'ata mkono haipati hata saa moja.

Nimefika mahali pa kuamini kwamba mambo mengi yangebadilika kwa swali moja kuulizwa mlangoni: katika nyumba hii, nani anamwogopa nani? Swali la nani alianza usiku huu, na la nani ana damu, yanaweza kufuata. Kulijibu swali hilo la kwanza kunahitaji kazi, lakini si kazi isiyowezekana. Watu wawili wahojiwe mbali na macho ya kila mmoja, si sebuleni wakiwa wamekaa kochi moja. Kumbukumbu za simu zitazamwe, maana dada yangu alikuwa amepiga mara mbili miezi iliyotangulia. Majeraha yasomwe badala ya kuhesabiwa: mikwaruzo usoni na kung'atwa kwenye vigasha mara nyingi ni kazi ya mtu aliyekuwa akijinasua. Kila anayesema amekabwa apelekwe hospitali hata kama shingo yake ni safi. Mkalimani asiwe mtu wa nyumba hiyo. Na ofisa anayegundua baada ya siku mbili kwamba alimchukua mtu asiye sahihi awe na njia nyepesi ya kulirekebisha jalada, kwa sababu jinsi ilivyo sasa, kosa likishaandikwa kila ofisi inayofuata huliamini kwa vile ofisi iliyotangulia imeliandika. Mwendesha mashtaka alimwamini askari, hakimu akamwamini mwendesha mashtaka, na mahakama ya malezi ikamwamini hakimu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeutazama mkono.

Mwaka jana mume huyo alimfuata anakoishi sasa na kupiga mlango wake kwa teke mpaka bawaba ya juu ikang'oka. Dada yangu alinipigia mimi simu. Niliendesha gari kwa dakika arobaini, na nilipofika, mtu huyo alikuwa ameshaondoka, naye dada amekaa sakafuni ameegemeza kabati mlangoni kwa mgongo wake. Nilimuuliza kwa nini hakuwaita polisi, ambao kituo chao kiko karibu kuliko nyumba yangu. Aliniangalia kama mtu asiyeelewa swali.

Baada ya hapo ndipo alipokubali tuombe ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, ili kukiri kwake kufutwe. Wakili tuliyempata safari hii alitaka kujua tuna ushahidi gani, na jibu lilikuwa fupi, kwani hakuna cheti cha daktari, hakuna shahidi, na zile simu mbili za awali ziliandikwa kama ugomvi wa kawaida uliosuluhishwa. Alilichukua jalada akalifungua polepole, akasimama kwenye ukurasa wa tatu, akaitazama ile picha ya kigasha. Kisha akainua mkono wake mwenyewe, akaukunja mbele ya uso wake, akautazama. Maombi yetu yamepokelewa na tumepewa tarehe. Kielelezo tulichoambatisha ni kimoja, ni ile ile picha waliyomshtaki nayo.